Muulize Mzee wa Kofia: White Sox wanatuambia tena tuvumilie

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya Ligi Kuu na ya ngumi. Barua nyingi zilizofika hapa Moshi zinaulizia timu yangu ya besiboli, Chicago White Sox, na yale maneno "ujenzi mpya", yaani kuuza nyota na kukubali kufungwa miaka kadhaa ili kulea chipukizi, ambayo nimekuwa nikiyataja kwa hasira. Nimechagua chache. Moja nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu inagusa penyewe.

Tumsifu Yesu Kristo, Mzee. Vijana wa kwaya wananionyesha picha ya Baba Mtakatifu akiwa na kofia nyeusi yenye herufi nyeupe, wanasema ni ya timu yako. Ni picha ya kweli au imetengenezwa kwa kompyuta?
*Katekista, Kibosho*

Milele amina, katekista. Ni ya kweli. Papa Leo wa XIV aliivaa tarehe 11 Juni 2025, siku ya Jumatano, alipokutana na mahujaji katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Amezaliwa Chicago mwaka 1955 na kukulia Dolton, kusini kabisa mwa jiji. Kusini ndiko kwenye White Sox. Kaskazini ni kwa Cubs, timu nyingine ya besiboli ya jiji hilo. Siku alipochaguliwa, 8 Mei 2025, watu walivumisha kwamba ni shabiki wa Cubs, na ndugu yake wa damu akajitokeza kukanusha. Baadaye zikapatikana picha za televisheni za Oktoba 2005, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Houston, naye yuko jukwaani amekaa na watu wake kama shabiki yeyote.

Kofia hizo zimejaa kwenye mitumba pale Memorial. Ukiona kijana wako ameivaa, mwambie ni ya timu iliyochukua ubingwa mwaka 2005, ikiwa ni mara ya kwanza tangu 1917, na tangu hapo haijauonja tena.

Shikamoo Mzee. Nimesoma kwamba huko Marekani timu ya besiboli inaweza kukubali kufungwa miaka mitatu minne kwa mpango, na viongozi wake wakaitwa watu wenye akili. Hapa kwetu ukishika mkia unashuka daraja. Inawezekanaje?
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi*

Marahaba mwanangu. Jibu umelishika mwenyewe: kule hakuna kushuka daraja. Polisi Tanzania tuliokuwa tukiwaangalia hapo hapo Ushirika waliposhika nafasi mbaya msimu wa 2022/23, walishuka, na mji mzima ukaona uchungu wake: uwanja mtupu, mamantilie wa getini hana mteja, mabasi ya Simba na Yanga hayaji tena. Ligi ya besiboli ina timu 30, na ya thelathini itacheza tena mwaka unaofuata, mechi 162 zile zile, na itapata mgawo ule ule wa fedha za televisheni za taifa.

Zaidi ya hapo, aliyefungwa sana anatunzwa. Kila Julai kuna drafti, yaani timu zinachagua kwa zamu vijana wanaotoka shule na vyuo, na zamu za mwanzo ni za timu dhaifu. Kijana akishachaguliwa hawezi kusaini na timu nyingine mwaka huo, na akifika ligi kuu timu inammiliki kwa misimu sita kabla hajawa huru kujiuza anakotaka. Miaka ya mwanzo analipwa kidogo sana ukilinganisha na wakongwe.

Kwa hiyo kiongozi anapiga hesabu. Ana nyota wa miaka 27 ambaye mkataba wake unakaribia kuisha, na timu yake haitabeba kombe mwaka huu. Anampeleka kwa timu yenye njaa ya kombe, anapewa chipukizi watatu wanne. Anafanya hivyo kwa kila nyota aliyenaye. Wanaobaki uwanjani wanajituma kwa nguvu zao zote, hilo naomba ulielewe, hakuna mchezaji anayefungwa makusudi. Aliyepanga kufungwa ni yule wa ofisini aliyewapeleka uwanjani bila silaha. Baada ya miaka kadhaa chipukizi wanakomaa kwa pamoja, na hapo ndipo mwenye timu anatakiwa afungue mkoba kununua wakongwe wa kuziba mapengo.

Imewahi kufaulu. Cubs walipoteza mechi 101 mwaka 2012, wakawa mabingwa 2016 baada ya kungoja miaka 108. Houston walipoteza 106, 107 na 111 mfululizo kuanzia 2011, wakachukua kombe 2017, ingawa baadaye iligundulika kwamba msimu ule walikuwa wakiiba ishara za siri za wapinzani kwa kamera, na mimi kombe lile silihesabu. Tangu 2023 nafasi za juu za drafti zinapangwa kwa bahati nasibu, ili kupunguza tamaa ya kushika mkia.

Mzee, mimi ni fundi simu hapa Sakina. Nakusoma kila toleo na kila toleo unalia na timu hiyo. Timu zote duniani hufungwa. Nini hasa kinakuuma?
*Fundi, Arusha*

Mdogo wangu, kufungwa hakuniumi. Nimeanza kuifuata timu hii Januari 2006, wakati bado napandisha wageni mlimani. Mteja wangu mmoja, fundi umeme wa Chicago kusini, alituchorea uwanja wa besiboli kwenye vumbi pale Horombo kwa fimbo ya kupandia, akatueleza ubingwa wa miezi mitatu nyuma hadi chai ikapoa. Kofia yake aliniachia. Tangu hapo nimepitia misimu mingi ya hovyo na sikuwahi kuandika barua ya malalamiko popote. Kinachoniuma ni kuombwa uvumilivu na mtu yule yule, kwa jambo lile lile, baada ya kuupokea ule wa kwanza na kuutupa.

Twende taratibu. Desemba 2016 White Sox walitangaza ujenzi mpya. Walimpeleka Chris Sale, mrushaji (anayemtupia mpira mpigaji) bora waliyekuwa naye, kwa Boston, wakapata Yoán Moncada na Michael Kopech. Siku iliyofuata Adam Eaton akaenda Washington, wakaja Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 José Quintana akavushwa mji ule ule kwenda kwa Cubs, akaja Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kutoka Kuba wakamsajili Luis Robert kwa dola milioni 26. Wataalamu kadhaa wa chipukizi walisema hakuna timu yenye hazina kama hii. Mwaka 2018 tulipoteza mechi 100. Nilivumilia, tena kwa furaha, kwa sababu nilikuwa naona vijana wanakua.

Wewe unaishi Sakina, unajua mabonde yetu yalivyojaa maboma: mtu amepandisha ukuta mpaka kwenye lenta, madirisha yako wazi, bati hakuna, mvua za masika zinaingia mwaka hadi mwaka mpaka tofali linaanza kumumunyuka. Ndicho walichotufanyia. Ukuta waliujenga vizuri kabisa. Fedha ya bati wakaikalia.

Ushahidi wangu ni huu. Kiangazi cha mwaka 2019, ambacho kwao ni baridi, Manny Machado alikuwa huru, miaka 26, mmoja wa wachezaji wakubwa wa kizazi chake. White Sox walimtaka kiasi kwamba walisajili shemeji yake Yonder Alonso na rafiki yake Jon Jay ili ajisikie nyumbani. Kisha wakaweka mezani dola milioni 250 za uhakika kwa miaka minane. San Diego wakaweka 300 kwa miaka kumi, akaenda San Diego. Shemeji na rafiki tukabaki nao sisi. Ukumbuke pia kwamba miezi michache kabla, fainali ya 2018, aliyemtoa Machado kwa mpira wa mwisho na kuwapa Boston kombe alikuwa Chris Sale, yule yule tuliyempeleka.

Mpaka hii leo White Sox hawajawahi kumpa mchezaji mkataba wa dola milioni 100. Mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu ni wa Andrew Benintendi, milioni 75 kwa miaka mitano. Hii si timu ya kijijini. Chicago ni jiji la tatu kwa ukubwa Marekani.

Hata hivyo vijana walifika. Giolito aliwazima Pittsburgh Agosti 2020 bila kuruhusu hata pigo moja la maana. José Abreu akawa mchezaji bora wa ligi mwaka ule. Tukaingia mtoano. Kocha aliyewalea, Rick Renteria, akaondolewa, na Oktoba 2020 akaletwa Tony La Russa, mwenye umri wa miaka 76, ambaye hakuwa amefundisha tangu 2011. Mtu huyo ana heshima zake, yumo kwenye jumba la magwiji, lakini magazeti ya Chicago yaliandika kwamba hakuletwa na meneja mkuu. Aliletwa na mwenye timu, Jerry Reinsdorf, ambaye siku zote alijutia kwamba La Russa aliondolewa White Sox mwaka 1986. Vijana wenye vipaji wakakabidhiwa kocha kwa ajili ya kutuliza roho ya tajiri.

Mwaka 2021 tulishinda mechi 93. Agosti 12, kwenye uwanja uliojengwa katikati ya mashamba ya mahindi huko Iowa, Tim Anderson aliwapiga Yankees wa New York pigo la mwisho la ushindi, mpira ukapotelea kwenye mahindi. Nililisikiliza kwenye simu alfajiri na nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Ile ndiyo ilikuwa siku ya kupaua. Timu ilikuwa inakosa watu wawili watatu tu wa kukamilisha. Houston wakatutoa mtoano mechi tatu kwa moja, na baada ya hapo Carlos Rodón, mrushaji aliyekuwa na msimu mzuri kuliko wote, wakamwacha aondoke bila hata kumpa ofa ya mwaka mmoja ambayo kanuni inaruhusu, ofa ambayo angeikataa wangepewa fidia ya nafasi ya drafti.

Majeruhi walikuwepo, sikatai. Jiménez alichanika msuli wa kifua akirukia mpira kwenye mechi ya maandalizi, Robert akaumia nyonga mwaka huo huo. Lakini kikosi chenye watu wa akiba kinahimili majeruhi, na akiba inanunuliwa. 2022 tukashinda 81 na kupoteza 81. 2023 tukapoteza 101, na Agosti ya mwaka huo Kenny Williams na Rick Hahn, viongozi wa usajili wa miaka yote hiyo, wakafukuzwa. Nikadhani sasa atatafutwa mtu mpya kutoka nje, mwenye jicho jipya. Baada ya siku chache akapandishwa Chris Getz, aliyekuwa akisimamia timu zao za vijana.

Kilichofuata 2024 unaweza kuwa umekisikia hata kama hupendi besiboli. Mechi 41 tulishinda, 121 tulipoteza. Tangu mwaka 1901 hakuna timu ya ligi kuu iliyopoteza mechi nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Rekodi ilikuwa 120 za New York Mets mwaka 1962. Kuanzia 10 Julai mpaka 5 Agosti tulifungwa mechi 21 mfululizo. Katikati ya kipindi hicho, 25 Julai, Dylan Cease, ambaye tulishampeleka San Diego mwezi Machi, aliwazima Washington bila pigo hata moja. Chris Sale mwaka ule akashinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake akiwa Atlanta. Kopech tukampeleka Dodgers mwisho wa Julai, Oktoba akawa bingwa.

Wiki ya mwisho nyumbani, watu wachache waliokuwa uwanjani waliimba wakimwambia tajiri auze timu. Vijana wakashinda mechi zote tatu za wiki ile, wakiwa wamebaki na jina lao tu la kulinda, kisha wakaenda Detroit na kupoteza ya 121. Mwaka huo huo tajiri alikuwa anazunguka kwa viongozi wa jimbo la Illinois kutaka fedha za umma zimjengee uwanja mpya, kiasi cha kama dola bilioni 1. Fedha ya kumlipa mrushaji haipo, ya uwanja itoke kwa mlipa kodi. Fundi, hicho ndicho kinachoniuma.

Mzee, mimi ni Mnyama damu. Nasi tumeambiwa tuvumilie, timu inajengwa, huku Yanga wamebeba misimu minne mfululizo. Tufanye nini, tukae kimya au tudai?
*Dereva wa bajaji, Majengo, Moshi*

Dai, ndugu yangu, lakini dai kwa haki. Mwaka 2024 Simba waliachana na wazee wengi, Chama akavuka kwenda Jangwani, wakasajili damu changa. Msimu huo huo wa kwanza walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika wakatolewa na Berkane. Huko ndiko kujenga huku unacheza. Simba hawawezi kujenga kwa kushika mkia hata wakitaka. Wanachama wangekuwa Msimbazi asubuhi, na hakuna drafti ya kuwafuta machozi.

Ninachokuomba uangalie ni benchi la ufundi. Fadlu Davids aliyeanza kazi ile aliondoka Septemba 2025 kwenda Raja Casablanca. Kikosi cha vijana kikibadilishiwa mwalimu kila baada ya miezi michache, kila mwalimu anaanza na falsafa yake, na muda ulioombwa kwa mashabiki unahesabiwa upya kutoka sifuri. Hapo ndipo ukali wako uuelekeze.

Mzee, nimesoma Marekani na ninaifuata ligi hiyo kwa karibu. Naona humtendei haki Getz. Kutoka ushindi 41 hadi 60 mwaka 2025 ni hatua. Vijana wapo, kocha Will Venable anawapanga vizuri. Kwa nini huoni mema?
*Mhasibu, Njiro, Arusha*

Nayaona, mhasibu, na nitayataja kwa majina. Colson Montgomery aliingia Julai 2025 na katika mechi 71 akapiga mipira 21 iliyotoka nje ya uwanja, pigo la thamani kuliko yote. Kyle Teel ni mdakaji mwenye kichwa kilichotulia. Chase Meidroth hapotezi zamu yake ya kupiga. Shane Smith waliyemchukua kwa Milwaukee karibu na bure alifika mechi ya nyota. Walifika mapumziko ya Julai na ushindi 32 dhidi ya 65. Baada ya mapumziko walishinda 28 na kupoteza 37. Nilizisikiliza nyingi za mechi zile na nilikuwa nangoja kesho yake kwa hamu, jambo ambalo sikulifanya mwaka mzima uliopita.

Sasa angalia Teel na Meidroth wametoka wapi. Wamekuja Desemba 2024 kwa kumpeleka mrushaji Garrett Crochet Boston. Crochet alikuwa na miaka 25, ametoka kutupa vizuri kwenye timu mbovu kuliko zote za karne, na alibakiza misimu miwili ya mkataba. Boston walimpa dola milioni 170 kwa miaka sita kabla hata Aprili haijaanza vizuri. Sisi tulilea, wao wakala. Miaka minane kabla ilikuwa Sale, kwenda mji huo huo, kwa maneno hayo hayo. Huwezi kuniambia nisishtuke.

Na usiniambie kwamba haiwezekani kwa sababu ya fedha. Chukua Kansas City, majirani zetu wa kundi moja, mji mdogo mno ukiuweka mbele ya Chicago. 2023 walipoteza mechi 106. Wakamfunga kijana wao Bobby Witt Jr. kwa dola milioni 288.7 kwa miaka 11, wakaongeza warushaji Seth Lugo na Michael Wacha, na 2024, ule mwaka sisi tunapoteza 121, wao walishinda 86 wakaingia mtoano. Mwaka mmoja tu! Tajiri wao aliona kijana ameiva akafungua mkoba siku hiyo hiyo.

Tena kanuni mpya zimeifanya njia ya mkiani kuwa mbovu zaidi. Timu za miji mikubwa haziruhusiwi kupata nafasi za bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo baada ya kupoteza mechi 121, drafti ya 2025 White Sox walichagua wa kumi. Mateso yote yale kwa nafasi ya kumi. Desemba 2025 bahati ikawaangukia, watachagua wa kwanza 2026, na nawaombea wachague vizuri.

Umeniuliza kwa nini sioni mema. Mimi nakuuliza utamwamini Getz kwa dalili gani. Zangu ni hizi. Montgomery aongezewe mkataba mrefu mapema, kabla hajageuka kuwa Crochet mwingine. Wasajili mkongwe wa bei yake halisi, si wale wa mwaka mmoja wanaoletwa Machi ili wauzwe Julai. Kumleta Munetaka Murakami kutoka Japani kwa milioni 34 za miaka miwili ni mwanzo ninaoupongeza, ila miaka miwili haijengi timu. Na Venable aachwe afundishe hata wakifungwa kumi mfululizo.

Kuhusu mwenye timu, Reinsdorf ana White Sox tangu 1981. Juni 2025 ilitangazwa makubaliano ya kumkabidhi Justin Ishbia, lakini Reinsdorf anaweza kuuza kuanzia 2029, na Ishbia hawezi kulazimisha mpaka baada ya msimu wa 2034. Montgomery wa leo atakuwa ameshamaliza miaka yake sita. Ndiyo maana sitaki kusubiri tajiri mpya. Nataka huyu aliyepo alipe sasa.

Mwalimu wa michezo hapa. Wanafunzi wangu wameona video za besiboli na wanataka kucheza. Sina vifaa. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Moshi Vijijini*

Anza na ulichonacho, mwalimu. Mpira wa tenisi, mpini wa jembe uliokatwa na kulainishwa, na magunia manne ya kukanyagia. Kwa watoto pima umbali wa mita 18 kati ya gunia na gunia. Watu wazima hucheza kwenye mita 27 na kidogo. Wasichana wanaocheza rede wanajua tayari kurusha kwa kulenga, waanze wao kuwa warushaji. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli pale Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani, na shule kadhaa zinacheza. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alifika huko Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh, na pigo alilipata zamu yake ya kwanza kabisa.

Shikamoo Mzee. Mume wangu ameanza kukufuata. Anaamka saa nane usiku kusikiliza timu inayofungwa, bando linaisha, na asubuhi ana duka la kufungua. Nimkataze?
*Mama, Rau*

Marahaba mama. Usimkataze, mpangie. Mechi za usiku za Chicago zinaanza saa nane na dakika arobaini usiku kwetu, hizo azisome matokeo asubuhi. Mechi za Jumapili mchana huwa zinaanza saa tatu na dakika kumi usiku kwetu, watoto wakiwa wameshakula, na zinaisha kabla ya saa sita. Asikilize matangazo ya redio badala ya kutazama picha, bando litadumu zaidi. Na ukae naye mechi moja, umwombe akuonyeshe Montgomery ni yupi. Akianza kukueleza habari za 2016, mpe chai, maana hataishia karibu.